Kisima Chenye Paa na Shimo Lisilo na Paa

Kusini-magharibi ya nchi ya Ufaransa, katika wilaya ya Tarn, kuna kijiji kilichojengwa juu ya kilima chenye mteremko mkali. Jina lake ni Cordes-sur-Ciel. Mpaka mwaka wa 1993 kiliitwa Cordes tu, na wakazi wake leo hawafiki elfu moja. Katikati yake liko soko la kale. Soko hilo halina kuta. Ni paa kubwa lililobebwa na nguzo za mawe zenye pembe nane, kazi ya mafundi wa karne ya 14. Chini ya paa hilo, hapo hapo walipotandaza wachuuzi bidhaa zao, upo mdomo wa kisima. Kina chake ni kama mita 113, yaani futi 370 hivi. Simamisha minazi minne mirefu humo ndani, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, na wa juu kabisa hautachungulia nje.

Msomaji ana haki ya kuuliza kisima cha Wafaransa kina habari gani kwetu sisi wenye mashamba. Jibu ni hili. Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Kisima kimefunikwa, basi maji ni salama." Fundi husema hivyo anapokusanya vyombo vyake, na mwenyekiti wa kamati husema hivyo siku ya kukifungua. Maoni yangu ni kwamba paa la kisima ni jambo jema sana, lakini watu wa sehemu hiyo ya Ufaransa walijifunza kwa hasara kwamba maji hayatiwi uchafu kwa mdomo wa kisima peke yake. Hutiwa pia kutoka mbali, katika shamba la mtu ambaye huenda hajapata hata kukiona kisima chenyewe. Na hapo ndipo swali gumu linapozuka: mtu huyo aambiwe nini, na nani amlipe?

Kwanza habari za kisima. Mwaka wa 1209 vita vilizuka katika nchi hiyo. Mabwana wa kaskazini, wakiwa na baraka za Kanisa la Roma, walikuja kuwapiga watu wa dhehebu la Wakathari pamoja na mabwana wa kusini waliowahifadhi. Katika mwaka wa 1212 Simon de Montfort, jemadari wa watu wa kaskazini, aliubomoa mji wa Saint-Marcel uliokuwa karibu. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka wa 1222, Raymond wa Saba, bwana wa Toulouse, alianzisha mji mpya juu ya kilima, ndio Cordes. Kilima kilifaa kwa vita, maana adui hupanda akitweta. Lakini ubaya wa kukaa kilimani kila mfugaji aujua: maji yako bondeni. Mto Cérou wapita kule chini, na adui akishauzunguka mji hakuna awezaye kushuka na ndoo akarudi salama. Kwa hiyo walichimba, wakapasua mwamba hatua kwa hatua, mpaka wakapata maji ambayo adui hawezi kuyafikia.

Fikiri kazi ya kuyatoa maji hayo. Hata ukiwa na gurudumu la kuzungushia kamba, kamba yenyewe ya mita 113 yaweza kuwa nzito kuliko ndoo ya maji iliyofungwa mwisho wake. Wavutaji wanavuta kamba kuliko wanavyovuta maji. Kisima cha namna hii hakichimbwi kwa ajili ya kufua nguo wala kunyweshea punda. Ni akiba, mfano wa ghala ambalo halifunguliwi ila mwaka wa njaa.

Sisemi kwamba paa la soko lilijengwa kwa ajili ya kisima tu. Lilijengwa kwa biashara pia, ili nguo na ngozi zisilowe mvua. Lakini faida yake kwa kisima ilikuwa kubwa. Kisima kilichokaa katikati ya soko kina macho ya kukitazama mchana kutwa. Mtoto hawezi kutupa jiwe asionwe. Mtu hawezi kuegemeza mzigo mchafu ukingoni asikemewe. Mvua haiteremki humo na takataka za barabarani. Hata asiyejua kusoma aliona kwa macho kwamba kitu hiki ni cha watu wote, na kwamba kina wenyewe.

Kuna hadithi inayosimuliwa huko mpaka leo, kwamba wakati wa misukosuko ile ya dini wenyeji waliwakamata wachunguzi watatu waliotumwa na Kanisa, wakawatupa katika kisima hicho. Wageni huipenda sana hadithi hii, maana wageni hupenda mambo ya kutisha. Mimi siiamini. Watu waliopasua mwamba futi 370 ili wasife kwa kiu hawawezi kutia maiti tatu katika maji yao ya mwisho, hata wakiwa na hasira namna gani. Njia za kumwua mtu ni nyingi, na kilima kina majabali ya kutosha.

Hata hivyo, si mbali na hapo, upande wa kaskazini, wakulima walitupa mizoga katika maji yao wenyewe kwa muda wa miaka mingi, na hawakuwa wajinga wala wabaya. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

NCHI INAYOMEZA MVUA

Katika wilaya ya Lot na wilaya za jirani kuna nyanda za juu ambazo wenyeji huziita Causse. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yenye nyufa na matundu. Mvua hunyesha ya kutosha, lakini haikai. Hupenya katika nyufa ikapotea, na mito iko ndani ya ardhi, haionekani. Juu hulishwa kondoo katika majani mafupi, na mabonde mengi ni makavu mwaka mzima. Wasomaji wetu wa Pwani, wanaokaa juu ya jiwe la matumbawe, wataielewa nchi hiyo upesi kuliko sisi wa bara.

Katika nchi kama hiyo kisima ni mali kuliko shamba. Vijiji vyake vina visima vingi vilivyojengewa vijumba vya mawe. Ukuta ni wa duara au wa pembe nne, paa ni la mawe bapa yaliyopangwa bila mbao, na upande mmoja kuna nafasi ya mlango mdogo. Ukingo wa jiwe umechimbika mifereji kwa kusuguliwa na kamba, vizazi na vizazi. Wajenzi walijua walilolifanya. Paa huzuia majani yasianguke na kuoza, huzuia mbuzi na mtoto wasitumbukie, na huzuia mwanga, kwa kuwa maji yaliyo gizani hayaoti ukijani. Na mlango, kama tujuavyo, huweza kutiwa kufuli wakati wa kiangazi, ili anayetangulia kuamka asiyamalize maji kabla ya wenzake.

Huko ndiko alikozaliwa kazi yake Padre Jean-Baptiste Paramelle, aliyeishi tangu mwaka wa 1790 hata 1875. Aliona jinsi waumini wake walivyoteseka kwa kutafuta maji, akaanza kutembea juu ya nyanda hizo akitazama mawe na mabonde. Hakutumia kijiti cha kuagua. Alitazama tu jinsi mabonde makavu yalivyopangana, akatambua kwamba mara nyingi chini ya bonde kavu upo mto unaolifuata bonde hilo hilo, kana kwamba mto umeshuka ghorofa moja. Alionyesha watu mahali pengi pa kuchimba, na mwaka wa 1856 akatoa kitabu kueleza njia yake. Kwa maoni yangu mtu huyu astahili kukumbukwa kuliko majemadari wengi wenye sanamu za shaba.

Lakini jambo alilolionyesha lina upande wa pili. Kama maji ya kisimani ni mto unaopita chini ya mashamba, basi kila shimo lililo wazi huko juu ni mlango wa kisima.

NDAMA WA BERRIE

Nchi ya Causse ina mashimo makubwa ya asili, mengine yakiwa na kina cha kutisha. Shimo maarufu kuliko yote ni lile la Padirac, lenye kina cha mita 75 hivi, na mto wapita chini yake. Mwaka wa 1889 Bwana Édouard-Alfred Martel, mwanasheria wa Paris aliyependa mapango kuliko mahakama, alishuka humo kwa kamba na ngazi akauchunguza mto huo kwa mashua. Watu wengi walimwona kama mtu mwenye mchezo wa ajabu. Basi mwaka wa 1891, akiwa katika wilaya hiyo hiyo ya Lot, alikunywa maji ya chemchemi ya Berrie. Yalikuwa maafi, meupe, baridi, yanatoka katika mwamba. Akaugua, yeye na mwenzake. Alipotafuta sababu aliiona juu kilimani: katika shimo lililokuwa juu ya chemchemi hiyo ulikuwako mzoga wa ndama, umetupwa na kuachwa uoze.

Watu wa mijini waliposikia habari hiyo waliwacheka wakulima na kuwaita washenzi. Hapo hawakutenda haki. Mfugaji aliyefiwa na ndama hakutaka kumwacha uani, karibu na watoto. Hakumtupa kisimani; kisima kilikuwa na paa, kilikuwa na wenyewe, na asingethubutu. Alimbeba mbali, akamtia katika shimo lisilo na mwisho, ambalo halina paa wala jina wala mwenyewe, akaenda zake akijua ametimiza wajibu wa usafi. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Kosa lilikuwa moja tu: shimo na kisima vilikuwa na maji mamoja.

Ndiyo maana nasema paa lina hatari yake. Lafundisha watu kuheshimu maji mahali lilipo, na bila kukusudia lawafundisha pia kwamba mahali lisipokuwapo hakuna cha kuheshimu.

Bwana Martel hakunyamaza. Alipiga kelele miaka 10 na zaidi, akiandika na kuhutubia, mpaka sheria ya afya ya tarehe 15 Februari 1902 ikatiwa kifungu cha 28, kinachokataza kutupa mizoga na vitu vinavyooza katika mashimo na nyufa za namna hiyo, na kutoza faini. Watu wengi huko wanakiita kifungu hicho kwa jina lake.

Waliokuwa bado na shaka walipata ushahidi wa namna ya pekee. Upande wa mashariki ya Ufaransa, katika mji wa Pontarlier, kilikuwako kiwanda cha Pernod kilichotengeneza pombe kali ya absinthe, yenye harufu nzito ya mimea. Mwezi wa Agosti 1901 radi ilikipiga kiwanda hicho kikawaka moto. Ili mapipa yasilipuke, pombe nyingi ilifunguliwa ikamwagika katika mto Doubs. Baada ya siku mbili hivi chemchemi ya mto mwingine, ndio mto Loue, iliyo katika bonde lingine kabisa, ilianza kunuka absinthe! Hivyo ndivyo watu walivyojua kwamba maji ya Doubs yanapenya ardhini na kuitokea Loue. Mwaka wa 1910 Bwana Martel alimwaga kilo 100 za rangi katika Doubs ili ahakikishe, na chemchemi ya Loue ikageuka kijani. Nadhani hakuna mhadhiri wa afya aliyepata kueleza jambo hili vizuri kama lile pipa la pombe.

BOMBA LILIPOKUJA

Sasa nitapita upesi miaka mingi. Mwaka wa 1930 chini ya robo ya vijiji na miji ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na maji ya bomba nyumbani. Vita vya pili vilipokwisha mwaka wa 1945, sehemu kubwa ya vijiji vya mashambani, karibu 7 katika kila 10, bado havikuwa nayo. Watu wengi wa Kenya hudhani kwamba Ulaya yote ilikuwa na mifereji tangu zamani. Sivyo, wanawake wa Ufaransa walibeba ndoo katika siku ambazo bado wazee wetu wanazikumbuka. Mwaka wa 1954 serikali yao ilianzisha mfuko maalumu wa fedha za maji ya mashambani, ambao watu wa mijini waliuchangia pia katika bei ya maji yao. Mpaka mwisho wa miaka ya 1980 karibu kila nyumba ilikuwa na mfereji.

Hili lilikuwa jema tupu, na wala sitaki kumsikia mtu akisifu ndoo ambaye hajapata kuibeba. Ila palikuwa na jambo moja walilolisahau. Bomba lilipofika, visima vya zamani vilikosa wenyewe. Vingine vilipambwa kwa maua, vingine vilifukiwa, na vingine, haya ndiyo mabaya, viligeuzwa majaa ya takataka. Kisima kilichoachwa hivyo ni shimo la Berrie lililochimbwa kwa mikono ya watu. Kinashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji, bila udongo wa kuyachuja.

Sheria ya mwaka wa 2006 ndiyo iliyowakumbusha. Tangu mwaka wa 2009 kila mwenye kisima cha nyumbani hupaswa kukiandikisha katika ofisi ya kijiji, na maji ya kisima hayaruhusiwi kuunganishwa na bomba la umma, kwa sababu pampu ya kisima ikiwa na nguvu yaweza kuyasukuma maji yake machafu katika mabomba ya jirani wote. Wenye visima wengi walinung'unika wakisema serikali sasa inahesabu ndoo zao. Kisha ukaja ukame wa mwaka wa 2022. Katika mwezi wa Agosti wa mwaka huo vijiji na miji zaidi ya 100 ya Ufaransa havikuwa na maji katika mifereji, na malori yalipita kugawa maji. Siku hizo, nafikiri, hakuna aliyecheka kisima cha akiba.

Kwa hiyo siungi mkono desturi ya kufukia kisima cha zamani mara bomba linapofika. Kiwekewe mfuniko mzito, kiachwe na mtu wa kukiangalia, kisinywewe maji yake mpaka yapimwe. Maneno ya kwamba "wazee wetu walikunywa na hawakufa" hayana maana, kwa kuwa wengi walikufa, wala hatukuwauliza sababu.

PAA LA ARDHI

Nimesema uchafu hutoka mbali. Ndama wa Berrie alikuwa na faida moja: ananuka, na aonekana. Uchafu wa siku hizi hauna harufu. Mbolea ya chumvichumvi na samadi zikizidi haja ya mmea hushuka na mvua katika maji ya chini kama naitreti, na dawa za kuua magugu hushuka vilevile. Mpaka unaokubaliwa katika maji ya kunywa huko ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Tangu mwaka wa 1980 maelfu ya vyanzo vya maji ya kunywa vimefungwa Ufaransa kwa sababu mbalimbali, na naitreti na dawa za shambani ni miongoni mwa sababu kubwa. Dawa ya atrazine, iliyopendwa sana katika mahindi, haijatumika huko tangu mwaka wa 2003, lakini wapimaji wangali wakiikuta katika maji ya chini. Paa la mawe, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kuzuia kitu kinachokuja kwa chini.

Wafaransa walifanya nini? Kwa sheria ya tarehe 16 Desemba 1964 walianza kuwekea vyanzo vya maji mipaka ya ulinzi. Sehemu iliyo karibu kabisa na chanzo huwa mali ya umma, huzungushiwa ua, na hakuna kazi ifanywayo humo ila kazi ya maji. Nje yake kuna sehemu kubwa zaidi, ambayo wenyewe hubaki nayo na kulima, lakini mambo fulani hukatazwa: kuchimba, kuzika mizoga, kulundika samadi, kumwaga dawa fulani. Mimi huliita jambo hili paa la ardhi. Ni lile lile paa la Cordes, ila limelazwa chini na kutandazwa mpaka kilimani.

Na sasa tumefika kwa mkulima. Aliye bondeni anywa maji. Aliye kilimani aambiwa asiweke zizi hapa, asitie mbolea pale. Shamba lake limekuwa paa la watu wengine. Je, alipwe?

Sheria ya zamani ya Ufaransa ilikuwa na jibu. Kifungu cha 643 cha sheria zao za mwaka wa 1804 kilisema kwamba mwenye chemchemi hawezi kuigeuza ikiwa inawapa watu wa kijiji maji wanayoyahitaji. Lakini kama watu hao hawajajipatia haki ya kuyatumia, mwenye chemchemi aweza kudai fidia. Yaani kijiji kisife kiu, na mtu mmoja asibebeshwe mzigo wa kijiji. Sijaona maneno ya haki kuliko hayo katika mambo ya maji.

Najua wapo watakaopinga. Watasema mtu halipwi kwa kutotia sumu, kama vile mwizi halipwi kwa kutoiba. Kwa mtu wa kutupa mizoga nakubali, huyo atozwe faini. Lakini mkulima aliyetia mbolea kwa kipimo alichofundishwa na maofisa, kwa sababu taifa lilitaka nafaka nyingi, huyo si mwizi. Baada ya mwaka wa 1945 wakulima wa Ufaransa walihimizwa mno kutumia mbolea na dawa, wakatii, wakalisha nchi. Kuwageukia baadaye na kuwaita wachafuzi, bila kuwapa njia nyingine ya kula, ni kuwatendea kama watu wa mjini walivyowatendea wale wafugaji wa Causse.

Tena hata kwa hesabu ya fedha, kulipa ni rahisi kuliko kusafisha. Katika wilaya ya Vosges, kampuni inayouza maji ya chupa ya Vittel iliona naitreti ikipanda katika mashamba yaliyozunguka chemchemi zake. Tangu miaka ya 1990 ilifanya mikataba mirefu na wakulima wa hapo. Waliacha kulima mahindi ya kulisha ng'ombe wakarudia majani na luseni, wakaacha dawa, wakapunguza idadi ya ng'ombe kwa kila hekta, na samadi yao ikaozeshwa vizuri kabla ya kutiwa shambani. Kampuni iliwalipa fedha za miaka ya kwanza, ikawasaidia kujenga mabanda, na ikawafanyia bure kazi ya kueneza samadi. Sisemi kampuni hiyo haina lawama. Wenyeji wa huko wamelalamika kwamba maji yanachotwa kupita kiasi. Lakini katika jambo la kumlipa aliye kilimani ilifikiri vema kuliko serikali nyingi, maana ilikuwa na bidhaa ya kupoteza.

Kijiji hakiuzi chupa, kwa hiyo hakina fedha kama hizo. Huko Ufaransa kila mtu alipaye maji hutoa kiasi kidogo kwa mashirika sita ya mabonde ya mito, yaliyoundwa kwa sheria hiyo hiyo ya 1964, nayo hutoa misaada kwa kazi za kulinda maji. Kikundi cha maji cha kijiji chetu chaweza kufanya jambo dogo la namna hiyo. Malipo si lazima yawe fedha. Mwenye shamba la juu aweza kuchimbiwa choo kipya mahali pengine, au kusaidiwa kuhamisha zizi, au kupewa miche ya miti na mbegu ya majani ya kulisha ng'ombe kwa kipande kile alichoacha kulima. Nguvu kazi ya siku mbili ya wanachama ni malipo. Ila aitwe mkutanoni tangu siku ya kwanza, kabla saruji haijanunuliwa, asije akaletewa amri na watu ambao kisima chao kimekwisha kujengwa.

Na mkutano huo ukiisha, wajumbe wapande pamoja naye. Watazame vyoo, mazizi, machimbo ya zamani na visima vilivyoachwa, na kila shimo linalomeza maji ya mvua. Maofisa wa afya hushauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Katika udongo mzuri umbali huo hufaa, lakini penye mwamba wa nyufa au jiwe la matumbawe hautoshi, na hapo Bwana Afya aulizwe kwanza. Maji ya kupimwa yachotwe baada ya mvua za kwanza kubwa, maana sampuli ya wakati wa kiangazi huonyesha kisima peke yake, na ile ya mvua huonyesha kilima chote.